Kidevu cha Mzee Rula

Watu walimwita Mzee Rula, na jina hilo hakujipachika mwenyewe. Alilipata kazini, enzi zile akiwa mwandishi wa mabango, akipanda ngazi na kopo la rangi na kuandika jina la duka ukutani kwa herufi zinazomzidi kimo, mstari umenyooka tii, bila uzi, bila kupima, bila kufuta. Ukimuuliza rula iko wapi, anainua mkono wa kulia. Mkono huohuo ndio uliomnyoa ndevu kila asubuhi, kwa wembe na povu la sabuni, mlango umefungwa na kioo hakuna. Kioo ni cha watu wasioijua sura yao, ndivyo alivyosema. Jamani, msidhani namsifia. Yule mzee alikuwa na majivuno ya kugawia mtaa mzima na mengine yakabaki ya akiba.

Lakini maradhi hayapigi hodi. Mkono ulianza kutetemeka kidogo kidogo, kidole kwanza, kisha kiganja, kisha wote. Daktari akampa vidonge na jina refu la ugonjwa. Vidonge akavimeza, jina akalisahau kwa makusudi. Ngazi akaiuza. Wembe akaujaribu asubuhi moja, akatoka bafuni na taulo lenye damu, akasema ni chunusi. Tangu siku ile hakunyoa tena. Kinyozi wa mtaani alipojitolea kumfuata nyumbani, alimjibu kwamba kidevu si kiatu cha kupelekewa fundi. Mkono ukahamia mfukoni, ukakaa humo kama mpangaji. Ndevu zikaota, nyeupe, zimekwenda kila upande, na mzee akaacha hata kukaa barazani.

Basi katika hali hiyo ndipo kitindamimba wake alipomaliza mafunzo ya zimamoto. Binti yule alikuwa na mabega ya kubebea mtu mzima na moyo wa kurudi ndani kumchukua wa pili, na katika nyumba nzima ndiye peke yake aliyerithi ukaidi wa baba. Akapiga simu kueleza utaratibu wa siku ya kuhitimu: kila mhitimu atasimama mstarini, mzazi wake aitwe, apite mbele ya watu wote, na kwa mkono wake ambandike beji ya kikosi kifuani. Beji yenyewe ni ya pini.

"Pini," akasema Mzee Rula.

"Ndiyo, baba. Kapini kadogo tu."

Kadogo! Mtu ambaye kikombe cha chai kinamwagika kabla hakijafika mdomoni anaambiwa kapini kadogo. Mzee akakohoa, akasema siku hizi kifua kinambana, safari ni ndefu, ataenda baba mdogo wa binti badala yake. Binti akasema, "Yeyote akinibandika nitakuwa nimebandikwa, baba. Lakini mimi nakutaka wewe." Mzee akamwambia simu inakatakata. Simu haikuwa inakatakata hata kidogo.

Mkewe alisikia yote. Yule mama alikuwa mshona mapazia, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Hakubishana. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kijiboksi, akakiweka mezani mbele ya mumewe. Ndani kulikuwa na mashine ya kunyolea ndevu, ya plastiki nyeusi, ya bei ya kutupa, yenye vichwa viwili vya mviringo vyenye matundu matundu, na mkia wa waya wenye plagi. Betri haina. Usipoichomeka ukutani, ni kokoto tu.

"Hii haikati ngozi," mkewe akasema. "Hata mkono ukiteleza."

"Nani kakwambia mkono wangu unateleza?"

"Sikusema unateleza. Nimesema ukiteleza."

"Mama watoto, hii ni ya kunyolea mbuzi," akasema mzee, na kwa mkono wa kushoto akaitupia juu ya friji. Ikakaa huko, imejikunja na waya wake, mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe ikafika na mdogo wake mzee naye akafika, amevaa suti ya kijivu na tai ya rangi ya nyanya. Huyu alikuwa dereva wa teksi, lakini mtaa ulimwita Meya, maana hakuna mkusanyiko uliompita bila yeye kusimama na kusema mawili matatu. Si mtu mbaya, Meya. Ila mbele ya umati hujisahau. Mama watoto akiwa anapiga pasi gauni lake, Meya alisimama sebuleni mbele ya kabati la vyombo, ambalo lina vioo, akashika pini ya nguo na kuanza mazoezi. Mto wa kochi ndio uliokuwa mhitimu.

"Hongera, mwanangu," Meya akauambia mto. Akarudi nyuma, hakuridhika. Akaanza upya kwa sauti nzito zaidi. "Hongera sana, mwanangu. Leo umemheshimisha baba yako."

Mzee Rula alikuwa chumbani, amelala chali na fulana, ameikabidhi siku kwa wenyewe. Neno lile likapenya ukutani likamchoma. Mwanangu! Nani mwanangu? Meya alikuwa wapi mtoto yule alipougua surua akakataa kulala mpaka baba amshike sikio? Nani aliyemfundisha kupanda ngazi ya rangi, tena bila kutazama chini, huku mama mtu akipiga kelele kwamba mtoto wa kike atavunjika? Huyu wa tai ya nyanya? Na kweli baba mdogo ni baba, hilo hakuna anayelikataa, lakini kuna baba na kuna baba! Mzee akajikuta ameketi. Kisha akajikuta amesimama. Kisha akawa sebuleni, fulana imemkaa upande, macho mekundu.

"Ile mashine ya mbuzi iko wapi?"

Meya akaangusha pini. Mama watoto hakugeuka kutoka kwenye pasi. "Ilipo ndipo ulipoitupa," akasema.

Kilichofuata ni aibu tupu, na ningekiruka kama kisingekuwa kitamu kusimulia. Soketi ya chumbani iliungua zamani, ya bafuni haikuwahi kuwapo, kwa hiyo mtu aliyejifungia mlango maisha yake yote ili anyoe, ilimbidi achomoe friji sebuleni, achomeke mashine, akae kwenye kigoda huku waya umemvuta sikio mpaka ukutani, kama mtu anayepeleleza mambo ya jirani. Watazamaji wawili, wamekaa kochini. Akaiwasha. Ikanguruma. Akaipeleka moja kwa moja kwenye ndevu ndefu za miezi, na mashine, ambayo haikuombwa kufyeka msitu, ikauma na kung'ang'ania.

"Yalaaa! Inanila! Chomoa! Chomoa, we Meya, unatazama nini!"

Meya akachomoa. Mama watoto akaja na mkasi wake wa mapazia. "Ndefu zinakatwa kwanza kwa mkasi," akasema. "Imeandikwa kwenye boksi. Nikate au nisikate?"

Mzee akafikiri. "Mkasi si kunyolewa," akaamua. "Mkasi ni kupogoa. Kata." Akapogolewa mpaka zikabaki fupi kama za brashi ya viatu, na mashine ikachomekwa tena.

Mara ya pili hakukuwa na maumivu, lakini hakukuwa na mafanikio pia. Mzee Rula alikuwa akinyoa kama alivyokuwa akiandika mabango: anaanzia juu, anashuka kwa mstari mmoja, ananyanyua, anarudi juu, anashusha mwingine pembeni yake. Mistari imepangana vizuri kabisa na ndevu zimebaki palepale.

"Zungusha," mkewe akamwambia. "Vichwa vyake ni vya mviringo. Zungusha kama unasugua sufuria."

"Mimi maishani sijawahi kuzungushazungusha kitu."

"Ndiyo maana na sufuria hujawahi kusugua. Zungusha."

Akazungusha. Na hapo, ndugu zangu, ndipo mzee alipopata jambo ambalo hakulitarajia. Mkono uliokataa mstari ulionyooka haukukataa kuzunguka. Kumbe ndio kazi uliyokuwa ukiitafuta. Tena si hilo tu. Mashine yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, inatetemeka mwili mzima, na ukimtazama usingejua kinachotetemeka ni mashine au ni mtu. Vilikuwa vimeshikana, vinakwenda pamoja. Mzee akaligundua hilo akafurahi kimoyomoyo kama aliyepewa kinga. Watu wawili wanautazama mkono wake mchana kweupe na hakuna anayeuona! Akashusha pumzi. Akanyoa shavu la kulia, taya la kulia, nusu ya kidevu, akapapasa, laini. Akaanza hata kuimba puani.

"Mnaiona?" akamuuliza Meya, juu ya mngurumo. "Mnaona mashine inavyofanya kazi?"

"Tunaona, kaka."

"Nitakwenda mwenyewe. Wewe utaendesha gari tu."

Umeme ukakatika.

Pasi ikazima taa yake, redio ya jirani ikakata kauli katikati ya neno, na mashine ikanyamaza ghafla shavuni kwa mzee. Mkono haukunyamaza. Uliendelea kutetemeka pale hewani, umeshika plastiki iliyokufa, na sasa hapakuwa na wa kumsingizia. Waya wenyewe ulikuwa ukicheza ukutani. Meya akayatazama mazulia. Mzee akautazama mkono wake kama aliyefumaniwa, akaushusha haraka, akaubana katikati ya magoti, na huko nako ukayatikisa magoti.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Nendeni. Pini yako ile, Meya, iokote."

"Kaka, wembe upo, nikumalizie upande huu mwingine..."

"Nimesema nendeni!"

Mama watoto akaja akachuchumaa mbele ya kigoda. "Unamficha nani?" akamuuliza. "Mimi? Mimi nalala na huo mkono. Unapotulia usiku najua umesinzia, unapoanza asubuhi najua umeamka. Huyu mdogo wako? Ndiye aliyeibeba ngazi yako kwa mnunuzi, anajua kwa nini uliiuza. Mtaa? Mtaa mzima unajua, wanakuonea haya tu wewe unayeona haya. Umebaki wewe peke yako, baba watoto, unajificha wewe kwa wewe. Na mtoto anakungoja."

Mzee alikaa na nusu ya uso laini na nusu ya uso nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze alilia, tena mbele ya Meya. Hakulia sana. Alilia kiasi cha mwanamume mwenye haraka, kisha akajifuta kwa fulana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akajiambia, na yeye alikuwa ameshayaoga nusu.

"Nipe shati," akasema. "Twende hivi hivi. Na hii nakwenda nayo." Akaichomoa mashine, akaizungushia waya, akaisokomeza kwenye mfuko wa kulia wa koti.

Njiani watu waliotazama ndani ya teksi upande wa kulia walimwona bwana mtanashati, na waliotazama upande wa kushoto walimwona mzururaji. Meya alisema hivyo kwa mzaha, na mzee akacheka, jambo ambalo lilimfanya Meya akose gia.

Uwanjani umeme ulikuwapo, wa jenereta. Mabenchi yamejaa, wahitimu wamepangwa mstari na buti zinang'aa, na pembeni ya jukwaa kulikuwa na meza ya fundi wa spika, imejaa nyaya na soketi. Mzee Rula hakwenda kwenye mabenchi. Alikwenda kwa fundi.

"Mwanangu, nipatie tundu moja."

Fundi akamtazama shavu hili na lile. "Mzee, hii ni laini ya spika."

"Na mimi sitaki kuimba. Nataka kumaliza kidevu. Binti yangu yuko kwenye mstari ule, anabandikwa leo, na mimi ndiye wa kumbandika. Utanirudisha nyumbani hivi?"

Fundi alikuwa na baba. Akamvutia kiti, akampa tundu. Mzee akakaa mbele ya umati wote, akawasha, akaanza kuzungusha. Mashine ya bei rahisi ina mambo yake: mngurumo wake ukaingia kwenye spika, ukatoka huko mkubwa kama nyuki wa mzinga mzima. Mshereheshaji akagonga maiki. Kamanda akatazama juu kama anatafuta ndege. Kisha benchi la kwanza likamwona, likamwonyesha la pili, na kicheko kikapanda mpaka nyuma kabisa.

Meya akataka ardhi impasukie. Mama watoto yeye aliketi amenyooka, mkoba magotini, akimwambia kila anayemgeukia, "Yule ni mume wangu." Kule mstarini, kitindamimba, ambaye kwa amri haruhusiwi kugeuza shingo, aliusikia mngurumo na kicheko, akakaza macho mbele na mashavu yakimcheza. Hakuhitaji kugeuka. Katika watu wote aliowajua, ni mmoja tu angeweza kuwa.

Mzee hakuharakisha. Alimaliza taya, akamaliza chini ya pua, akapapasa upande hadi upande. Akazima, akachomoa, akaisokomeza mashine mfukoni. Mkono ukabaki unatetemeka pale mbele ya watu wote, na kwa mazoea akaupeleka mfukoni. Haukuingia. Mashine na waya wake vilikuwa vimetangulia kurudi humo. Akausukuma mara moja, akaacha. Akatembea mpaka kwenye benchi, mkono uko nje unafanya mambo yake, na wala hakuna aliyecheka tena.

Majina yakaanza kuitwa. Wazazi wakapita mmoja mmoja, wakabandika, wakapigiwa makofi. Lilipoitwa jina la kitindamimba na mwitaji aliposema "Mzazi wake!", Meya aliinuka nusu, akiwa ameshika tai.

"Kaa, mdogo wangu."

"Kaka, una hakika?"

"Sina. Kaa."

Akaenda. Binti alikuwa mrefu kumzidi, sare imenyooshwa, macho mbele. Mzee akapokea beji kutoka kwenye sinia, na beji ikaanza kumetameta kwa jinsi ilivyotikisika. Akaipeleka kifuani. Pini ikakwepa kitambaa. Akajaribu tena, ikamchoma kidole gumba. Mara ya tatu ikaingia lakini haikushika. Aliyefuata mstarini alikuwa akingoja, mzazi wa aliyefuata akingoja, na kamanda, mikono nyuma, akingoja. Mshereheshaji akaona ajaze pengo, akasema neno kuhusu hali ya hewa, akaona limepwaya, akanyamaza. Uwanja mzima ukabaki unautazama mkono mmoja.

"Taratibu, baba," binti akanong'ona bila kuchezesha midomo. "Siendi popote."

"Nyamaza, mama. Uko kazini."

Na ajabu ni hii: hakuona haya. Aliitafuta haya mahali pake pa siku zote akaikosa. Wangoje, akawaza. Mimi nimengoja miaka yote ya mtoto huyu niifikie siku hii, wao watashindwa kungoja kidogo tu? Akafanya alivyokuwa akifanya juu ya ngazi upepo ukivuma: akaegemeza kiganja, safari hii si ukutani bali kwenye bega la binti yake, akabana pumzi. Mkono haukuacha kutetemeka. Ulitetemeka mahali pamoja. Bega lile halikutikisika hata chembe. Pini ikapita kwenye kitambaa, ikazunguka, ikajifunga, na kwa jinsi uwanja ulivyokuwa kimya, kamanda aliisikia.

Binti akapiga saluti. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola naye haruhusiwi kuyafuta.

Mzee Rula akatakiwa arudi kwenye nafasi yake. Hakurudi. Aliwageukia watu wote, akauinua mkono wa kulia juu kabisa, unatetemeka kama ulivyo, akamwonyesha nao binti yake.

"Huyu ni mwanangu!" akapaza sauti, bila maiki. "Mwanangu huyu!"

Uwanja ukasimama. Makofi yakawa makubwa mpaka fundi akaacha vifaa vyake naye akapiga, na sauti ya Meya ndiyo iliyosikika kupita zote, "Huyo ni kaka yangu! Huyo!" Mkono ulichoka. Mzee hakuushusha, wala hakuna aliyemwambia aushushe.